Mpini Usioshika Moto

11 Januari

Kwa mjukuu wangu wa kwanza, mke wangu uliyenikimbia ukaenda kuolewa na maabara,

Shikamoo yako nimeshaipokea, maana najua ungeitoa kama ungekuwa hapa na adabu zako zote. Marahaba. Mimi ni mzima. Ukisikia mtaani kwetu kuna mzee anaumwa, usijisumbue kuuliza ni nani, si mimi. Kikohozi nilicho nacho ni cha kusafisha koo tu, mtu anayeongea maneno ya maana lazima koo lake liwe safi. Bibi yako hajambo, ila ubishi bado haujapona. Mdogo wako amehamia kwetu tangu mumewe aanze safari ndefu za lori. Siku hizi anachagua chakula na analala mchana. Mimi sijasema kitu, lakini nina macho.

Utaniuliza kwa nini sipigi simu. Kwenye simu unanikatiza. Kwenye barua utangoja nimalize. Shemeji yako, huyo dereva, atakuwa anazipeleka na kuzirudisha kila lori lake likipita huko kwenu.

Sasa jambo lenyewe. Amekuletea na mpini mmoja wa kikaango. Usiulize nimeununua wapi. Nimeutengeneza mimi. Fundi televisheni wa hapo jirani alikuwa anatupa maganda ya televisheni na ya kompyuta yaliyokufa, na mimi sikuweza kuvumilia uharibifu ule. Nayayeyusha uani, namimina kwenye kalibu niliyochonga mwenyewe, natoa mipini ya vikaango, vishikio vya vifuniko, na sasa naanza miiko. Mwaka mzima sasa. Shule niliishia pale walipoanza kuzidisha, na bado sijaona aliyezidisha akatengeneza mpini kama huu.

Mtaa mzima unaniita Babu Haiungui. Mpini ukifika utajua kwa nini.

Babu yako, mwenye kiwanda


2 Februari

Babu, shikamoo tena, hata kama ulishajipokelea mwenyewe.

Mimi sijambo. Maabara, huyo mume unayemwonea wivu, anaanza kazi asubuhi na kunirudisha jioni miguu imevimba. Hapa tunapima vyakula: maziwa, samaki, unga, tuone vimebeba nini ambacho mwenyewe muuzaji hakusema. Mpe bibi salamu, mwambie mke mwenzake anamkumbuka. Na huyo anayelala mchana mwambie nimeshahesabu kwa vidole, asinifiche.

Mpini umefika. Ni mweusi, unang'aa, na unanuka kama redio iliyopigwa na radi. Hongera.

Nisimulie vizuri unavyoutengeneza. Moto wa namna gani, unakorogea nini, uani anakaa nani. Sina nia mbaya. Nimesoma miaka mingi, nataka na mimi siku moja nijue kazi.

Mjukuu wako


9 Machi

Mjukuu wangu,

Barua yako imenifurahisha, maana ni mara ya kwanza msomi katika ukoo huu kuuliza kabla ya kufundisha. Naisoma mwenyewe kwa kidole changu, neno baada ya neno, sitaki msaada. Imenichukua siku mbili lakini hakuna neno lililonitoroka.

Sisi ni wazima. Kikohozi bado kinasafisha. Mdogo wako sasa hafichi tena, tumbo limeanza kutangulia mlangoni, yeye anafuata. Bibi yako anakataa mipini yangu jikoni, anashika kikaango kwa kitambaa, eti harufu. Miaka yote nimeoga kwa ajili ya pua hiyo na bado hairidhiki.

Sasa nakupa siri tatu, na ukizitoa nje nitajua ni wewe.

Ya kwanza ni kuchagua plastiki. Wajinga wanayeyusha ndoo na mabeseni. Mimi nachukua ganda la televisheni tu, au la kompyuta, kwa sababu lile halishiki moto. Mteja akija nawasha kiberiti mbele yake, naweka kwenye mpini. Moto unalamba, unatapatapa, unakufa. Nauliza, umeona? Mteja anafunga mdomo, anachukua miwili. Ndiyo maana naitwa Haiungui.

Ya pili ni moto wenyewe. Wenzangu wanawasha moto kama wanafukuza chui, plastiki inawaka, moshi mweusi mpaka polisi wanakuja. Mimi moto wangu ni wa upole. Makaa machache, sufuria imefunikwa nusu, nakaa nayo mpaka ilainike yenyewe. Moshi mdogo tu, mwembamba, wa kistaarabu.

Ya tatu hata bibi yako haijui. Nakorogea fimbo ya shaba. Mbao inaungua, chuma kinang'ang'ania, lakini kwenye shaba plastiki inateleza. Na zile nyaya ndogo za shaba zilizokwama kwenye maganda sihangaiki kuzitoa zote, zinaupa mpini nguvu.

Mdogo wako ananisaidia. Anakaa kwenye kiti karibu na makaa, maana asubuhi kuna baridi, anavunja maganda na kutoa skrubu. Kuku wanachakura hapo chini yetu, na kila asubuhi anakula mayai mawili ya kuku wetu wenyewe. Kitukuu wa kwanza wa nyumba hii atatoka na misuli.

Babu Haiungui


28 Machi

Babu,

Shikamoo. Huku wote wazima. Nasalimia wote, bibi kwanza, na namwambia pua yake ingepewa kazi hapa maabara kesho asubuhi.

Nimesoma siri zako tatu, nikakaa chini. Ningekuwa na adui anayetaka kutengeneza sumu uani kwake, babu, ningemleta kwako ajifunze, kwa sababu hujakosea hata hatua moja.

Ganda la televisheni halishiki moto kwa sababu kiwandani walilitia dawa ya kuzuia moto, televisheni isije ikawaka sebuleni. Ndani ya dawa ile kuna kitu kinaitwa bromini. Likiwa limekaa kwenye televisheni, halimsumbui sana mtu. Likipata joto ndipo mambo yanapoanza. Ile dawa inavunjika vipande, na vile vipande havibaki peke yavyo, vinatafutana, vinashikana upya, na bromini imening'inia pembeni. Kinachozaliwa hapo kinaitwa dioksini. Hukionji, hukioni. Kiasi kidogo sana, kisichojaza ncha ya sindano, ni kingi.

Na moto wako wa kistaarabu ndio unaopendwa zaidi na kitu hicho. Moto mkali mno, wa tanuri maalumu, unaweza kukivunja. Moto wa upole unakilea. Halafu unaleta shaba. Shaba, babu, ni mshenga. Inavikutanisha vile vipande, inaviozesha, na yenyewe inatoka pale safi, haijapungua, tayari kwenda kuozesha wengine. Fimbo yako imefungisha harusi mwaka mzima.

Majivu na moshi vinaanguka chini. Kuku wanachakura. Kitu hiki kinapenda mafuta, kwa hiyo kinakwenda kukaa kwenye kiini cha yai. Na yai unajua linakwenda wapi.

Nakuomba mambo mawili. Ondoa kile kiti karibu na makaa. Na nitumie mayai machache niyapime, kwa sababu hujawahi kuamini neno langu tangu nilipokuambia dunia inazunguka.

Sijamwandikia mdogo wangu wala sijamwambia shemeji. Nyumba ni yako.

Mjukuu wako


17 Mei

Kwa Bibi Maabara,

Hatujambo. Lori lilikuwa na ubovu wa gia, ndiyo maana nimechelewa, usidhani nilikuwa nafikiri. Mvua imenyesha, ua ni matope. Mdogo wako miguu imeanza kuvimba, bibi yako anasema ni kawaida.

Barua yako nimeisoma. Kumbe miaka yote nimekuwa mkemia na hakuna aliyeniambia. Naomba unitumie cheti. Kumbe sufuria yangu inafungisha ndoa. Nimemuuliza bibi yako kama anakumbuka mshenga wetu alifanana na fimbo, akasema afadhali angekuwa fimbo, fimbo haisemi uongo.

Sasa nisikilize. Mimi nakaa na moshi ule kila siku na ni mzima. Kikohozi ni kikohozi. Fundi televisheni amekaa na maganda yale maisha yake yote, kitambi kinazidi kuongezeka. Mmesoma mpaka mnaogopa yai. Yai, mjukuu wangu. Hivi nilipokulea wewe nilikulisha nini, vidonge?

Lakini usiseme nimeogopa kupimwa. Nimekutumia mayai kumi. Nimeyachemsha, nikaweka na chumvi kwenye karatasi, usije ukayapima kwa njaa. Na mpini mwingine, ule wa zamani utakuwa umechakaa kwa kunuswa.

Kiti nimekisogeza kidogo. Si kwa sababu yako. Kilikuwa kinazuia njia.

Babu yako


30 Juni

Babu,

Shikamoo. Nawasalimia wote. Waambie nawaombea.

Chumvi nimepokea, asante. Mayai yalisafiri siku nyingi kwenye lori lenye joto, yakafika yamejiozea. Mkuu wangu wa kazi alitoka nje ya chumba. Haidhuru. Yai linaoza, dioksini haiozi.

Mpini nilianza nao hapa hapa. Tuna kifaa kama bastola, unakielekeza kwenye kitu, kinakuambia ndani kuna nini. Niliuelekezea mpini wako, kikaandika bromini, tena nyingi mpaka msaidizi wangu akadhani kimeharibika. Tukajaribu kwenye kalamu, kikasoma sawa. Tukarudi kwenye mpini. Bromini.

Mayai niliyapeleka maabara kubwa, nikangoja. Jibu limekuja jana. Sitakuandikia tarakimu, utasema tangu mwanzo ulikataa kuzidisha. Nakuambia hivi: kama mayai haya yangekuwa yanauzwa dukani, tungelifunga duka lile kabla ya chakula cha mchana. Na aina iliyoonekana ni ile ile yenye bromini, babu. Haikutoka barabarani wala kwa jirani. Ni ya sufuria yako.

Mdogo wangu asile tena hata moja. Asikae uani. Usiyeyushe tena. Yale maganda usiyachome kwa hasira, hiyo itakuwa mbaya zaidi. Udongo wa pale uchimbwe juu juu ukiwa umeloa, usitimke vumbi, kisha pafunikwe.

Kuna maswali utataka kuniuliza kuhusu mtoto. Usiniulize leo.

Bado sijamwambia yeye. Nataka asikie kwako. Nimemkabidhi mumewe barua hii imefungwa, akaniuliza, mbona uso umekuwa hivyo? Nikamwambia vitunguu. Maabara nzima haina kitunguu.

Mjukuu wako


12 Agosti

Babu,

Shikamoo. Lori limekuja mara mbili bila barua yako. Shemeji anasema wote wazima, anasema uani kuna kelele za kugongagonga, hakujali kuangalia.

Lori hili likirudi halina jibu, nitamwandikia mdogo wangu mwenyewe, na kwenye bahasha nitaandika jina lake, si lako. Ukikasirika, kasirika.

Mjukuu wako


4 Septemba

Kwa mjukuu wangu mwenye haraka,

Vitisho vyako nimevipokea, vimefika salama, havikuvunjika njiani.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa na shughuli. Mwenye kiwanda hana nafasi ya kuandika kila siku kama karani. Bibi yako hajambo. Kikohozi, nitasema ukweli kwa kuwa umezoea kupima kila kitu, bado kipo, na nimekwenda hospitali, na daktari naye amekohoa mbele yangu, kwa hiyo tuko sawa.

Kuna habari ndogo ndogo. Kuku wote wamekufa. Uzee. Ndiyo, na wale vifaranga pia, walizeeka ghafla asubuhi moja. Nimewazika kwenye shimo refu kunizidi kimo, bibi yako akasimama juu akaniuliza nachimba kisima au nazika kuku. Nikamwambia waliishi kwa heshima.

Ua nimeuchimba na kuupiga sementi. Nilitaka ua wa kisasa tu. Hizo ndizo kelele alizosikia shemeji yako, ambaye anaendesha lori mchana kutwa na bado hawezi kutambua mlio wa sururu.

Mipini nimebadilisha mtindo. Plastiki imepitwa na wakati, mimi huwa natangulia. Sasa natengeneza ya mti. Nimewatangazia wateja wote kwamba kuna toleo jipya, warudishe mweusi wachukue wa mti, bure. Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Wengine hawakutaka, waliupenda ule mweusi kwa sababu ya maonyesho yangu ya kiberiti, ikabidi nibishane nao dhidi ya maneno yangu mwenyewe. Mjukuu wangu, nimegundua mimi ni mtu mgumu sana kushindana naye. Mipini iliyorudi iko kwenye pipa lenye mfuniko. Shemeji atakuletea na fimbo ya shaba juu yake. Huyo mshenga nimemwachisha kazi.

Mdogo wako sikumwambia chochote. Nilimsomea barua zako tu, ile ya Machi na ile ya Juni, kwa kidole changu. Alikuwa amekaa ndani kitandani, miguu juu ya mto. Nilipofika kwenye mayai alitaka kuichukua asome mwenyewe, maana mimi nasoma polepole. Nikakataa. Nikasoma yote mpaka neno la mwisho. Hakulia. Aliniuliza, babu, umemaliza? Nikasema nimemaliza. Akasema basi nipe maji.

Hajaongea nami sana tangu siku ile. Labda ni joto.

Kuna jirani yangu mmoja, humjui, amehamia juzi. Anauliza, mtu akiwa amekula mayai kama yale, halafu akajifungua, je, anyonyeshe? Na kitu kile kinachukua muda gani kutoka? Mimi nimemwambia nina mjukuu anayejua. Anangoja. Hali chakula vizuri, huyo jirani.

Babu yako


21 Septemba

Babu, shikamoo.

Shemeji amesubiri lori likiwa linanguruma mpaka nimalize hii. Pipa limefika. Fimbo nimeiweka juu ya meza yangu ya kazi, haiozeshi mtu hapa. Na kikohozi chako, daktari alisema nini baada ya kukohoa, na amekupa dawa gani?

Mwambie jirani yako hivi. Anyonyeshe. Mdogo wangu pia anyonyeshe, kama jirani atapenda kumwambia. Kitu kile kinatoka mwilini taratibu sana, ni miaka, si wiki, na kidogo kitapita kwenye maziwa, sitakudanganya. Lakini maziwa ya mama yana mengi mema ambayo hayapatikani kwenye kopo lolote, na wanaojua haya kuliko mimi hawasemi aache. Kilichokuwa kinaongeza kimesimama, na hilo ndilo kubwa. Mtoto apelekwe kliniki kila anapotakiwa, wamweleze daktari habari yote bila aibu, hata sehemu ya sufuria.

Jirani akiuliza kama mtoto atakuwa mzima kabisa, mwambie sijui. Nimelifuta neno hilo mara nyingi kwenye karatasi hii nikalirudisha. Sijui, babu. Kwa nilivyosoma, wengi wanakuwa wazima. Mpe hilo, na mwambie ale.

Na umwambie jirani kwamba aliyetembea nyumba kwa nyumba akikusanya mipini yake ni mtu ninayemjua, na ninamheshimu. Asijivune tu.

Mjukuu wako


8 Oktoba

Mjukuu wangu,

Amekuja. Wa kike. Bibi yako anasema ana pua yake, basi jikoni kutakuwa na kesi mbili sasa. Daktari wa kliniki amemgeuza huku na huku, nikamweleza habari yote, sufuria, moto, shaba na mayai, kwa sauti, mbele ya foleni ya akina mama. Akaandika muda mrefu. Akasema kwa leo haoni kasoro, tumrudishe kila mwezi. Ananyonya kama mtu aliyetoka safari ya mbali. Jirani amefurahi sana. Jirani amekula sahani mbili.

Mdogo wako ameanza kunisemesha. Neno lake la kwanza lilikuwa, babu, ondoa ndevu usoni kwa mtoto. Nimelipokea.

Biashara inakwenda. Juzi alikuja mteja wa zamani, akashika mpini wa mti, akanitania, Haiungui, na huu vipi? Nikawasha kiberiti, nikauweka. Mjukuu wangu, ukashika moto hapo hapo, ukawaka kama mshumaa, nikalazimika kuukanyaga na kiatu kikaungua. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Sasa wananiita Babu Inaungua. Mteja akachukua miwili.

Mengine ningeandika, lakini huyu mgeni nimempakata na ananibana. Maswali yako kuhusu kikohozi nitayajibu siku nyingine. Na usiharakishe kuniletea barua nyingine ndefu, sitaweza kuisoma. Kidole ninachosomea amekishika, na nimejaribu kukitoa kwa upole, hataki.

Babu yako